Kulinganisha matini za vyombo tofauti, yaani maandishi na sauti: hatua kwa mwalimu wa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14

1. Chagua tukio moja na matini mbili. Mimi hupendelea kuzama kwa meli ya Titanic, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912, kwa sababu manusura walipingana: wapo walioona meli ikikatika, wapo walioshikilia kwamba ilizama ikiwa nzima. Chukua masimulizi yaliyoandikwa na mmoja na mahojiano ya sauti ya mwingine.

2. Wasome, wasikilize. Mara mbili kila matini.

3. Wape swali. "Taja yanayofanana na yanayotofautiana" huzaa orodha tupu. Uliza: meli ilizamaje, na kila msimulizi anafanya nini ili tumwamini?

4. Tenga kazi ya chombo na kazi ya msimulizi. Hapa ndipo kipindi kizima huishia. Mwanafunzi atasema, "Ya sauti inahuzunisha zaidi." Sawa, lakini huzuni hiyo imeletwa na pumzi na kimya tunachokisikia, au na maneno aliyoyachagua msimulizi? Badilisheni vyombo: mmoja asome maandishi kwa sauti, mwingine aandike dakika moja ya mahojiano neno kwa neno. Tofauti ikitoweka, ilikuwa ya chombo. Ikibaki, mchunguze msimulizi.

Msomaji asiigize, la sivyo ataongeza huzuni yake mwenyewe. Anayenukuu aandike hata kusitasita. Akisafisha lugha amegeuka mhariri. Angalia pia tarehe: aliyeandika mwaka uleule na aliyehojiwa miaka mingi baadaye hutofautiana kwa sababu ya kumbukumbu, na hilo halihusu chombo. Tofauti nyingine hazitengeki kabisa, maana anayejua kwamba atasikika na umma huchagua maneno kwa ajili ya umma huo.

Kwa hiyo tumieni jedwali la safu tatu: chombo, msimulizi, vyote viwili. Lichorwe kwenye karatasi. Zile duara mbili zinazopishana, ambazo wengi hutumia kulinganisha, siwapi wanafunzi wangu. Hazina mahali pa kuandika "kwa nini".

5. Waandike aya moja. Kila dai liwe na ushahidi: maneno yenyewe, au dakika ya sauti.

6. Sasa tu wape jibu. Uchunguzi wa Uingereza wa 1912 uliamua kwamba meli haikukatika. Mabaki yalipopatikana 1985, yalikuwa vipande viwili. Wakijua mapema, huacha kuchunguza na kuanza kusahihisha. Warudi kwenye aya zao, wapigie mstari kilichowafanya wamwamini aliyekosea.