Usifyeke kila kitu chini ya mitiki
Wenye mashamba ya mitiki huku Lindi, hasa kuelekea Rondo, naomba msichome vichaka vyote vya chini. Jani la mtiki ni pana. Mvua hujikusanya juu yake, kisha hudondoka kwa tone zito. Likikuta ardhi tupu huurusha udongo, na rutuba ya juu huteremka na maji. Inama uangalie: ukiona kokoto zimekaa juu ya vinguzo vidogo vya udongo, au mizizi iko wazi, ujue udongo umeshaondoka.

Miche michanga ni habari nyingine. Hiyo ipalilie duara la mita 1, maana nyasi huinyang'anya maji. Miti ikishashikana matawi, safisha barabara ya kuzuia moto tu, na unachokata nje ya hapo kiache palepale kioze.