Somo: Kuchagua moduli ya sauti ya raki kwa studio ya nyumbani

Wakuu, moduli ya sauti ni kinanda kisicho na vibonye. Ndani ya lile sanduku bapa la kufungwa kwenye raki (fremu ya kupangia vifaa vya studio) mna piano, fidla, besi na ngoma; vibonye unaleta mwenyewe, kwa kibodi yoyote yenye tundu la MIDI (njia ya ala kupelekeana maagizo). Nitatolea mfano Roland JV-1080 ya mwaka 1994, maana ndiyo niliyojifunzia na mitumba yake bado inazunguka.

Hatua ya 1. Kabla ya kuuliza bei, andika utapiga nini. Anayerekodi kwaya anahitaji ogani na fidla nzuri. Wa bongo flava ataanzia kwenye ngoma na besi. Hakuna moduli inayofanya yote vizuri, hata muuzaji akiapa.

Hatua ya 2. Hesabu noti. Hapa ndipo wengi tunapoumia. JV-1080 inaweza kutoa noti 64 kwa mpigo, na ukisoma hivyo unaona zimezidi, kwani vidole ni kumi tu. Lakini sauti moja ndani yake inaweza kuwa imejengwa kwa tabaka hadi nne, na kila tabaka linakula nafasi yake. Gawanya 64 kwa 4, zinabaki 16. Sasa kanyaga pedali ya piano, weka fidla chini yake na besi ikitembea: noti za mwanzo zitaanza kukatika kabla hazijafifia. Si ubovu, nafasi zimejaa. E-mu Proteus 2000 ina 128. Korg M1R, ya zamani zaidi, ina 16 tu. Kama unarekodi ala moja moja na kuzipanga kwenye kompyuta, 64 zinakutosha kabisa. Ukitaka wimbo mzima utoke kwenye sanduku moja papo hapo, tafuta 128.

Hatua ya 3. Igeuze usome kibandiko cha umeme. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, na ukutani kwetu mna 230 au zaidi. Plagi ya kubadilisha umbo haipunguzi umeme. Unahitaji transfoma ya kushusha. Moduli yangu ya kwanza iliungua siku ileile niliyoifikisha nyumbani, kwa sababu hiyo tu. Niliumia sana, ndiyo maana nasisitiza.

Hatua ya 4. Usinunue kwa picha. Nenda na hedifoni, kibodi ndogo na waya wa MIDI. Zungusha kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza, kina vumbi au kimechakaa. Bonyeza kila kitufe, soma skrini yote, jaribu kila tundu la kutolea sauti.

Raki yenyewe isikusumbue. Upana ni inchi 19, JV-1080 inachukua nafasi mbili kwa urefu, na juu ya meza inakaa vizuri tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimeunganisha MIDI na kompyuta, taa zinawaka, sauti hakuna. Tatizo nini?
MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: kibonye gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, kimeachiwa lini. Sauti itoe kwa nyaya mbili, kushoto na kulia, hadi kwenye kadi ya sauti. Kisha hakikisha chaneli ni ileile pande zote, ziko 16.

Yangu inaonya kuhusu betri kila nikiwasha. Nitapoteza sauti zote?
Za kiwandani hazipotei. Zilizo hatarini ni zile ulizotengeneza mwenyewe. Zihamishie kwenye kompyuta kupitia MIDI kwanza, ndipo umpe fundi abadilishe betri.

Nina kompyuta nzuri. Bado nahitaji moduli?
Kwa kurekodi tu, hapana, anza na programu, hela nunulia maikrofoni. Moduli inalipa ukipiga jukwaani.

Mimi napiga taarab hapa Tanga. Zile noti za katikati nitazipata?
Swali zuri sana hili. Tafuta moduli inayokuruhusu kurekebisha kila moja ya noti 12 za oktava peke yake. Nusu toni ni senti 100 (senti hapa ni kipimo cha noti, si pesa), kwa hiyo robo toni, ndiyo hiyo noti ya katikati, ni 50. Ukitaka maqam (mtindo wa ngazi ya noti) ya bayati, shusha noti ya E kwa senti 50 kisha piga kuanzia D. Uliza uwezo huo kabla ya kulipa, na uujaribu kwa masikio yako palepale dukani.