Kabla ya Kufungua Boksi la Meli ya Mbao

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijagusa gundi: nilichagua meli ya mfano, ile ya kujiundia nyumbani kwa seti ya vipande vya mbao, kwa kuangalia picha ya juu ya boksi. Ilikuwa na milingoti mitatu, mizinga pande zote mbili na kamba nyingi kuliko nyaya za umeme za Eastleigh. Nikajiambia miezi mitatu itatosha. Huu ni mwaka wa pili, na lile gogo lisilo na pua bado liko chini ya kitanda changu hapa Pangani, Nairobi.

Ndiyo maana anayeniuliza aanze na ipi namjibu hata kabla hajamaliza swali: chombo kidogo, chenye mlingoti mmoja au kisicho nao kabisa. Dori, ile mashua ya wavuvi yenye kitako bapa, itakufundisha kukunja mbao na kuzibandika bila kukuzika kwenye kamba. HMS Victory, manowari ya zamani ya Uingereza, inapendwa sana na wauza seti, lakini ile ya kweli, iliyoshushwa majini mwaka 1765, ina mizinga 104. Waachie waliostaafu.

Tazama pia kipimo kilichoandikwa kwenye boksi. 1:64 maana yake mita moja ya meli halisi inakuwa kama milimita 16, hivyo baharia mtu mzima anatoshana na pingili ya mwisho ya kidole gumba chako. Kwenye 1:96 anashuka hadi milimita 18 hivi, na kapi za kupitishia kamba zinakuwa kama punje za ulezi. 1:48 inayahurumia macho, ila chombo kinakuwa kikubwa, na sote tunajua vyumba vya kupanga vya Nairobi vilivyo.

Dukani mjini sikupata nilichotaka, nikaagiza nje. Seti nyingi hutoka Italia, Hispania, Denmark na Marekani. Bei unayoiona kwenye tovuti siyo utakayolipa: weka nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Uliza pia kama vifaa vidogo vya shaba, nanga na kapi vimo ndani, maana kuna seti zinazouzwa zikiwa na mbao peke yake. Na uombe kuona ukurasa mmoja wa maelezo. Mengine yametafsiriwa ovyo kiasi kwamba utategemea michoro tu.

Nafasi ya kufanyia kazi ni suala la amani ya nyumba. Siku moja nilirudi nikakuta meza inang'aa. "Nimekutolea ule uchafu, kaka," dada wa kazi akaniambia, akiwa amefurahi kabisa. Uchafu wenyewe ulikuwa kapi 40 za milimita 3. Tangu hapo kila kitu kidogo kinalala kwenye vikopo vyenye mifuniko, na ubao wa kazi ni ule ninaoweza kuubeba mzima na kuupandisha juu ya kabati. Taa ya chaji ni lazima. Stima ikipotea gundi haisubiri.

Vifaa havikufilisi. Kisu chembamba chenye nyembe za kubadilisha, rula ya chuma, kibano, tupa ndogo, na msasa wa namba 120, 220 na 400. Vibanio vya nguo vinashika mbao vizuri kuliko unavyodhani, hasa ukivigeuza mdomo. Pini zipo kwenye maduka ya vifaa vya kushonea, na keekee ndogo ya mkono ya kutobolea inatosha kwa kuanzia. Gundi kuu iwe ile nyeupe ya maseremala. Supagluu tumia kwa tone, dirisha likiwa wazi. Mimi niliwahi kushikana vidole viwili nusu saa. Vumbi la msasa nalo livalie barakoa. Nta ya nyuki ya kupitishia nyuzi ili zisitoe manyoya, na strungi ya kuchovyea matanga yasiwe meupe kama shuka la hospitali, hivyo vya baadaye.

Boksi likifika, usibandike kitu. Hesabu vipande ukilinganisha na orodha, andika namba kwa penseli kwenye kila kipande cha plaiwudi kabla hujakikata kutoka kwenye bamba lake, na ufunge mbao kwa mafungu yenye majina. Toa nakala ya michoro, ile ya asili isichafuke. Halafu ziache mbao wiki moja chumbani zizoee hewa. Za Januari hukauka na kusinyaa, za Aprili huvuta unyevu, na baridi ya Julai huichelewesha gundi hadi ukasirike.

Kisha ulaze mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, juu ya kioo. Ukiona umepinda, hata kwa unene wa karatasi mbili, ulowanishe na uukandamize kwa vitabu vizito usiku kucha. Usijidanganye kwamba utanyooka wenyewe mbele ya safari.

Juu ya mkuku ndipo yanaposimama yale mataruma ya plaiwudi, kama mbavu za samaki. Maelezo ya seti huyapa aya moja. Mimi ningeyapa wikendi mbili. Kingo zake lazima zipigwe msasa kwa mshazari, hasa za karibu na omo (mbele) na tezi (nyuma), ili ubao ulale juu yake wote, sio kwenye ncha tu. Chukua ubao mmoja usio na gundi, uulaze juu ya mataruma matatu, kisha inua chombo mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya chini ya ubao, piga msasa tena. Mzee jirani yangu, mzaliwa wa Lamu, hahitaji hata dirisha. Nilimpelekea kazi yangu, akafumba jicho moja, akapitisha kidole ubavuni. "Hapa kuna tumbo, mwanangu." Palikuwa na tumbo.

Zoezi la mwisho fanya kwa mbao za ziada. Loweka moja dakika 20, izungushe kwenye chupa ya maji moto, ifunge kwa uzi hadi ikauke. Ya kwanza itavunjika. Jaribu pia kuipunguza upana kuelekea omo, lakini isishuke chini ya nusu. Na ukianza kazi yenyewe, ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, la sivyo mkuku utavutwa upande mmoja. Gogo la chini ya kitanda liliharibikia hapo hapo.

Dori yangu imefika mwezi jana. Iko juu ya kabati, mbao zimefunguliwa zinapata hewa, nami nangoja mvua zipungue.