Namna ya Kupata Vigawo vya 4,294,967,297 kwa Kalamu na Karatasi

Namba 4,294,967,297 ni 2³² ikiongezwa 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliamini kwamba ni namba tasa, kwa kuwa zile zinazoitangulia katika ukoo wake, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ikiongezwa 1), zote ni tasa. Alikosea, na kosa hilo unaweza kulionyesha bila kikokotoo, mradi uanze kwa kutazama namba yenyewe ilivyoundwa.

Majaribio ya kawaida hayatakufikisha mbali. Namba ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 2, 3 na 5 zinatoka. Lakini kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo mno, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542; kuzijaribu moja moja ni adhabu.

Punguza orodha kwanza. Chukulia kwamba namba tasa t inaigawanya namba yetu bila baki. Hapo 2³² inapungukiwa 1 tu ili igawanyike kwa t, na kwa sababu hiyo 2⁶⁴ hubakiza 1, yaani mabaki ya vipeo vya 2 hujirudia kila baada ya hatua 64, wala si kabla. Kanuni ya Fermat mwenyewe inasema kwamba 2 kwa kipeo cha t − 1 nayo hubakiza 1, basi ni lazima t − 1 igawanyike kwa 64. Andika 65, 129, 193 na kuendelea kwa kuongeza 64, kisha futa zisizo tasa: zinazosalia mwanzoni ni 193, 257, 449, 577 na 641. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alitangaza kigawo mwaka 1732, nacho ni hicho cha tano.

Usigawanye tarakimu zote kumi. Fuata mabaki tu. Kwa 641, anza na 2⁸, ambayo ni 256. Izidishe kwa yenyewe upate 65,536, utoe 641 × 102, yaani 65,382, ibaki 154. Zidisha 154 kwa 154 upate 23,716, ilhali 641 × 37 ni 23,717. Imepungua 1 kamili, na ile 1 tuliyoongeza mwanzoni ndiyo inayoziba pengo. Kwa 257 jibu huja upesi zaidi: 2⁸ inapungukiwa 1, 2¹⁶ hubakiza 1, 2³² vilevile, hivyo namba nzima hubakiza 2 na 257 inatoka.

Sasa gawanya kwa 641 upate 6,700,417. Kigawo chake chochote tasa ni kigawo cha namba ya awali pia, na Édouard Lucas, mwanahisabati mwingine wa Ufaransa, alithibitisha kwamba hata 128 lazima iigawanye t − 1. Chini ya 2,589, palipo kipeuo chake cha pili, zinabaki 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 pekee. Zote hubakiza kitu, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na namba yetu ina vigawo vinne tu.

Ukitaka ushahidi usiotaja kigawo chochote, kokotoa 65,536² + 1² na 62,264² + 20,449². Majibu yanalingana, ilhali namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti.