Kigari chenye mbio kwa barabara za Kusini: namna ya kuchagua bila kulia siku ya kuuza

Hachibaki ya mbio ni gari la familia lililopewa moyo mkubwa. Kwa nje ni lile lile: mlango wa nyuma unanyanyuka na kioo chake, viti vya nyuma vinalala, linaegesheka popote. Chini ya boneti ndiko kwenye tofauti. Zinazopatikana kwa usukani wa kulia, kwa pesa ambayo mtu wa kawaida anaweza kuikusanya, ni Suzuki Swift Sport, Toyota Vitz RS, Corolla RunX Z Aerotourer, Honda Fit RS na Volkswagen Golf GTI. Mnunuzi wa Mtwara au Lindi ana maswali matatu: linachanganya vipi, linabeba nini, na nitamuuzia nani? Wengi huanza na la kwanza. Anza na la mwisho.

Hesabu ya siku ya kuuza

Chukua karatasi. Andika bei ya kununulia, toa bei unayoamini utauzia baada ya miaka mitatu, jumlisha matengenezo makubwa ambayo gari hilo linajulikana nayo, kisha gawa kwa tatu. Hiyo ndiyo gharama ya kulimiliki kwa mwaka, kabla ya mafuta na bima. Tuseme, kwa kuonyesha hesabu tu, Vitz RS imenunuliwa milioni 13, ikala milioni 1 ya shokapu, bushi na klachi, ikauzwa milioni 10.5. Imekugharimu milioni 3.5, sawa na milioni 1.2 hivi kwa mwaka. Golf GTI ya milioni 24 iliyokula milioni 4 ya giaboksi na cheni, ikauzwa milioni 14, imemeza milioni 14. Kwa mwaka ni karibu milioni 4.7. Weka bei halisi za wiki unayonunua. Pengo litabadilika, lakini mara nyingi mwelekeo hubaki huo huo.

Pengo hilo linatoka kwa mnunuzi wa pili. Vitz RS ya umbo la 2005 hadi 2010 ina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyomo pia kwenye IST, Raum, Funcargo na Probox. Fundi wa Masasi au Nachingwea anaifungua huku anapiga soga, na koili au pampu ya maji anaipata duka la jirani. Swift Sport za namba za modeli ZC31S na ZC32S zina injini ya M16A ya lita 1.6, ukoo mmoja na injini ya Escudo ya 1.6, kwa hiyo si mgeni kabisa, ingawa pistoni na kamshafti za Sport ni zake peke yake. RunX Z iko katikati: bodi na vitu vingi vya chini ni vya RunX zilizojaa mjini, lakini injini yake ya 2ZZ-GE ni ya kuitafuta. Golf inataka mashine ya kupimia inayoongea lugha yake na spea za kuagiza Dar es Salaam zije na basi. Anayekuja kununua anayajua yote hayo, naye anayakata kwenye bei kabla hujafungua mdomo.

Kuna na msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba na pesa zikaanza kuingia kwa wakulima, kuanzia Newala mpaka Tandahimba na Masasi, wenye kutafuta gari huongezeka. Ukiwa muuzaji, ngoja hapo. Ukiwa mnunuzi, Machi hadi Mei pesa imepungua mtaani na dalali anasikiliza. Mvua ya miezi hiyo pia itakuonyesha bure gari linalovuja kwenye taa za nyuma na chini ya kapeti.

Mbio za kazi gani

Achana na kasi ya juu kabisa. Kijijini mwisho ni 50, tochi ya trafiki iko pale pale, na matuta yanamaliza kazi. Katika barabara ya kutoka Mtwara kupitia Mingoyo na Nangurukuru hadi Dar es Salaam, kilomita 550 na ushee, mbio unayoihitaji ni ya kupita lori: kutoka 60 kwenda 100.

Hesabu yake ni hii. Lori liko 60 na unahitaji kulizidi mita 50, ukichanganya urefu wake na nafasi ya kutoka na kurudi. Gari linalotoka 60 hadi 100 kwa sekunde 5 litamaliza kupita kwa sekunde 7. Ukijumlisha na mwenzio anayekuja mbele kwa 100, mnahitaji barabara tupu ya mita 360 hivi. Gari linalotumia sekunde 10 kutoka 60 hadi 100 linahitaji mita 470. Hizo mita 110 ndizo unazonunua unapolipia hachibaki ya mbio.

Sasa angalia nguvu pamoja na uzito, na uangalie ukiwa umepakia. Golf GTI ya toleo la sita ina farasi 211 na kilo 1,400 hivi. Kila farasi anavuta kilo 6.6. Swift Sport mpya, ZC33S ya 2017 na kuendelea, ina turbo ya lita 1.4, farasi 140 na kilo 970, kwa hiyo kilo 6.9. Ziko karibu sana. Waweke watu wanne na mabegi, kilo 320. Golf inapanda hadi 8.2, Swift inaruka hadi 9.2. Kigari chepesi kina raha dereva akiwa peke yake, na familia ikipanda ndicho kinachousikia mzigo zaidi. Vitz RS ina farasi 110 kwa tani moja na kidogo. Tuseme ukweli: hiyo ni Vitz iliyochangamka tu.

Angalia pia nguvu ya kuvuta inapatikana kwenye mzunguko gani. Golf hiyo inatoa Nm 280 kuanzia mizunguko 1,700, na Swift ya turbo Nm 230 kwenye 2,500, unakanyaga, linaondoka. RunX Z ina farasi 190, lakini wenyewe wanaishi kwenye mizunguko ya juu. Chini ya 6,000 ni RunX ya kawaida. Ukitaka kupita lori nayo lazima ushuke gia mbili na uiache injini ipige kelele. Kuna wanaolipenda hilo. Kwa anayesafiri usiku na watoto wamelala nyuma, linachosha.

Jambo moja husahaulika: nyingi ya gari hizi zimeandikiwa petroli ya oktani ya juu, ile ya premium ya Japani. Pampu za huku mara nyingi zina petroli ya aina moja. Ukiweka ya oktani ndogo, kompyuta husikia mgongano ndani ya silinda na kuchelewesha cheche. Injini haifi, ila farasi kadhaa wanabaki zizini na ulaji wa mafuta unapanda. Turbo na 2ZZ ndizo zinazoumia zaidi. Fit RS na Vitz RS hazijali sana.

Tairi

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na hakuna anayeangalia siku ya kununua. Soma namba ya ubavuni: kwenye 195/45R17, urefu wa ubavu wa tairi ni asilimia 45 ya 195, yaani milimita 88. Milimita 88 ndizo zinazoitenga rimu na shimo. Golf yenye 225/40R18 ina milimita 90. Tairi ya kawaida ya 195/65R15 ina 127. Ukiingia shimo kwa 80 na tairi ya ubavu mfupi, mpira unabanwa kati ya rimu na kingo ya lami, nyuzi za ubavuni zinakatika na kesho yake pana uvimbe kama yai. Uvimbe huo hauzibwi. Tairi hiyo imekwisha.

Dawa ni kushuka rimu bila kubadilisha kimo cha gurudumu zima. Kwa Swift ya ZC32S, toka 195/45R17 uende 195/50R16: kimo kinatoka milimita 607 hadi 601, spidomita haidanganyi cha maana, na unapata karibu sentimita nzima ya ubavu. Kwa Golf, toka 225/40R18 uende 225/45R17, ubavu unafika milimita 101. Jaribisha rimu moja mbele kabla ya kulipia nne. Breki za mbele za gari hizi ni kubwa na kaliper inaweza kugusa rimu kwa ndani. Kabla ya kusafiri, uliza pia kama duka la mjini lina saizi yako.

Na usipandishe kwa spesa, vile vipande vya kuinulia gari kwenye springi. Gari hizi ziko chini, sentimita 12 hadi 14 kutoka ardhini, na kishawishi ni kikubwa. Spesa ikiingia, drivshafti zinakaa upande, mipira ya CV joint inachanika, vumbi jekundu la uwanda wa Makonde linaingia, na ndani ya miezi michache unasikia ka-ka-ka kila ukikata kona. Kama njia yako ya kila siku ni ya vumbi na makorongo, gari hili si lako. Chukua RunX ya kawaida.

Magonjwa ya kila moja

Golf GTI ya toleo la tano, yenye injini ya TFSI, ina kikombe kidogo cha chuma kati ya kamshafti na pampu ya petroli ya presha kubwa. Kikombe hicho kinalika. Kikitoboka, kamshafti na pampu vinakwenda nacho. Kukifungua na kukiangalia ni kazi ya saa moja, na kifaa chenyewe ni rahisi. Usilinunue gari hilo bila kukiona. Toleo la sita limeondoa shida hiyo likaleta ya kikaza cheni, hasa kabla ya 2012. Nenda alfajiri injini ikiwa baridi, mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Ukisikia mchakacho wa sekunde mbili tatu linapowaka, kikaza kimechoka. Siku kitakapoachia, cheni inaruka na valvu zinapiga pistoni. Giaboksi yake ya DSG, otomatiki ya klachi mbili, ya gia sita inataka oili mpya, lita 5 na kidogo, pamoja na filta kila kilomita 60,000. Kama hakuna risiti, hesabu kuwa haijawahi kubadilishwa. Polo GTI ya DSG ya gia saba zenye klachi kavu, iache kabisa. Ubongo wake wa kubadilishia gia hauelewani na joto letu.

RunX Z: ipashe moto kwanza, kwa sababu ikiwa baridi haifungui upande wa pili wa kamshafti, ule unaoleta nguvu juu ya mizunguko 6,000. Kisha tafuta barabara tupu, gia ya pili, kanyaga hadi upite 6,000. Sauti ibadilike na mgongo uguse kiti. Ikigoma, mara nyingi ni boliti za kuinulia kwenye shafti ya roka zilizolika, ugonjwa wa injini za mwanzo. Boliti hizo hazina bei kubwa, ila zitumie kushushia bei ya gari. Angalia na oili, maana injini iliyokanyagwa miaka mingi huanza kuinywa.

Swift Sport na Fit RS zina afya. Kwenye Swift pima klachi: gia ya tano ukiwa 50, kanyaga yote. Mizunguko ikipanda gari lisipoondoka, klachi imekwisha. Kwa gari lolote la otomatiki ya CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za hatua, kataa lenye mtetemo linapoanza kuondoka.

Zote, ingia chini yake na tochi. Gari lililoishi kaskazini mwa Japani huja na kutu ya chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji, na upepo wa bahari wa Mikindani au ghuba ya Lindi utaimalizia kazi. Gonga kwa bisibisi maungio ya sabufremu na midomo ya shokapu. Kwenye karatasi ya mnada wa magari wa Japani, alama ya R au RA maana yake limegongwa likatengenezwa. Shokapu za kurekebisha kimo, bomba kubwa la moshi na siti ya mbio ni dalili kuwa lilikuwa la kushindania.

Mzigo

Buti la Swift ya zamani ni lita 210 hivi: ndoo mbili na begi. Golf ni 350. Bingwa ni Fit RS, kwa sababu tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele. Kiti cha nyuma kinakunjwa juu kama kiti cha sinema na baiskeli inaingia imesimama. Gunia la korosho ghafi lina kilo 80 hivi; mawili nyuma pamoja na abiria wawili, springi fupi za gari hizi zinagonga vizuizi. Usiweke tatu.

Ukiagiza mwenyewe

Umri wa gari ndio unaopanga kodi. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa forodha ni asilimia 25, bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1,000 hadi 2,000, VAT asilimia 18, na gari lililopita miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. La miaka 8 hadi 10 ni 15. Gari la milioni 10 likifika bandarini linalipiwa karibu milioni 5.5 kama ni changa, na karibu milioni 9.9 kama limepita miaka 10, mbali na tozo ndogo ndogo. RunX Z na GTI za zamani zote zimeshaangukia huko. Mara nyingi basi ni nafuu kununua lililokwisha kuingia, la namba D, kuliko kuleta la umri ule ule upya. Kabla ya kutuma dola, ingiza modeli na mwaka kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kwa kuwa wana thamani yao wenyewe na risiti yako inaweza isikubaliwe.

Siku ya mwisho kabla ya kulipa, liendeshe kutoka Mtwara hadi Mingoyo, kilomita 80 na kitu, ukiwa na watu wanne. Ukifika, liache likiunguruma dakika kumi na kiyoyozi kimewashwa, uangalie mshale wa joto. Kisha fungua boneti unuse: harufu tamu ni maji ya rejeta yanayovuja, na harufu ya kuungua kutoka upande wa magurudumu ya mbele ni klachi au breki iliyonata.