Watu wa ai-ti wapeni kalenda ya kodi

Wahasibu wenzangu wa Tanga, kabla hamjawalaumu vijana wa ai-ti, waambieni kwanza tarehe zenu. PAYE (kodi ya mishahara) mwisho tarehe 7, ritani ya VAT (taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20, sasa wao watajuaje? Pale kwetu walizima seva kufanya apdeti tarehe 19 jioni, mi nimeshika kichwa, kumbe hakuna aliyewahi kuwaambia, basi siku hizi kalenda ipo ukutani kwao na siku hizo hawagusi kitu.

Halafu hii ya kupiga simu "sistimu inasumbua" haisaidii kabisa, tuma namba ya invoisi, sistimu imekokotoa VAT shingapi na wewe ulitegemea shingapi, mfano mauzo 100,000 VAT iwe 18,000 ila inasoma 15,254, hapo fundi anajua moja kwa moja kuna mahali sistimu inadhani bei tayari ina VAT ndani. Dakika kumi kashamaliza. Na kiwango cha kodi kikibadilika kwenye Sheria ya Fedha msingoje hadi ianze kutumika Julai mosi, kaeni nao Juni, hata kwa chai ya pale Ngamiani (mnalipa nyie lakini, hela si mnashika nyie).