Kuongoza mdahalo wa wagombea kuhusu kushambulia kwanza

Ukiwakalisha wagombea ubunge ukumbini Dodoma, anza kwa kutenganisha mambo mawili: kumuwahi adui aliyekwisha kujipanga kuvamia, na kumpiga anayehofiwa tu, kama Marekani ilivyofanya Iraq mwaka 2003. Usipotenganisha, kila mgombea atajibu swali lake mwenyewe.

Dakika 2 za hoja, 1 ya kujibu. Wakikimbilia Kagera (na watakimbilia), wakumbushe kwamba Oktoba 1978 Uganda ndiyo iliyovamia. Kule kulikuwa kujihami.

Wabane kwenye ibara ya 44 ya Katiba: Rais akitangaza vita, Spika huitisha Bunge ndani ya siku 14. Muulize kila mmoja: ungedai ushahidi gani kabla ya kuunga mkono? Akijibu “taarifa za siri”, mrudishie swali.